Chupa zangu zinasema chini ya miti kuna metali ya risasi nyingi kuliko kando ya barabara kuu. Nimekosea wapi?

#1 Chupa_Tano
Wakuu, heshima kwenu. Nina jedwali hapa, wiki ya pili sasa, kila nikilitazama linanicheka.

Nilitaka kujua jambo moja tu: metali zinazoshuka kutoka hewani zinashuka sawa kila mahali, au inategemea ardhi ile inatumikaje? Nikachagua vituo vitano: ukingo wa barabara kuu, pembeni ya eneo la viwanda, makazi ya watu, shamba la wazi, na chini ya miti kwenye msitu mdogo. Kila kituo kina nguzo, juu yake faneli ya plastiki, chini ya faneli chupa. Vinakaa wazi usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Mwisho wa mwezi nakusanya, nachuja, napeleka kupimwa.

Nilitegemea barabara iongoze kwa risasi, viwanda vifuate, msitu uburute mkia. Nilichopata ni hiki: risasi ya chini ya miti imeipita ya barabarani. Manganizi ya chini ya miti ndiyo usiseme. Viwanda viko chini ya makazi karibu kwa kila kitu. Na zinki iko juu kote, hata kule shambani ambako hakuna gari linalopita wala paa la bati.

Msimamizi wangu kasoma, kasema "andika ulichokiona." Sasa niandike nini? Kwamba tukikata miti tutakuwa salama?

#2 Kiti_cha_Mbele
Nimevuta kiti. Hiyo ya kukata miti usiirudie hadharani mkuu, kuna watu wanatafuta sababu tu.

#3 Mkulima_Mbishi
Mimi nitauliza la kijinga. Metali zimo ardhini tangu dunia iumbwe. Upepo unapeperusha vumbi, vumbi linatua, unalipima, unapata metali. Ugunduzi uko wapi hapo?

#4 Mzee_wa_Maabara
Mkulima, swali lako si la kijinga, litajibiwa. Ila kwanza huyu kijana.

Chupa_Tano, karibu kwenye chama. Hakuna aliyewahi kutega mvua asilie kama unavyolia. Kabla hatujaisema misitu vibaya nijibu mambo manne. Jedwali lako liko kwa lita au kwa eneo? Unaposema unachuja, kile kinachobaki kwenye karatasi unakifanya nini? Faneli umeifunga kwenye nguzo kwa kitu gani? Na je, ulikuwa na chupa tupu, yaani iliyokwenda uwandani na kurudi na maji safi tu bila kutegwa?

#5 Chupa_Tano
Mzee, kwa lita, ndivyo maabara walivyoniletea. Karatasi natupa, maana maji yenye tope wanayakataa, wanasema yanaziba mashine. Faneli nimefunga kwa waya, ule wa kawaida wa kufungia. Chupa tupu... hapana.

#6 Kiti_cha_Mbele
Kwenye ile "hapana" ya mwisho nimesikia mlango ukifungwa.

#7 Mzee_wa_Maabara
Haujafungwa. Umekwama tu.

Tuanze na lita. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita 1 ya maji kamili. Ukilishika hilo, hesabu yote ya fani hii umeishika. Tuseme mwezi ulikuwa na mvua ya milimita 80, na maji yako yana maikrogramu 3 za risasi kwa kila lita (maikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu). Kila mita ya mraba imepokea lita 80. Mara 3, maikrogramu 240. Gawa kwa siku 30, unapata maikrogramu 8 kwa mita ya mraba kwa siku. Hivyo ndivyo utuaji unavyosemwa. Ujerumani wana viwango vya kisheria vya wastani wa mwaka: risasi 100, nikeli 15, aseniki 4, kadimi 2, zebaki 1, zote maikrogramu kwa mita ya mraba kwa siku. Hutakuta "kwa lita" humo. Ardhi haijali maji yalikuwa mazito au mepesi, inajali imepokea kiasi gani.

Sasa ingia msituni na hesabu hiyo. Mvua ikipiga majani, sehemu yake inabaki juu na kukauka bila kufika chini. Metali zilezile zinajikuta ndani ya maji machache, na ukisoma kwa lita lazima zionekane nyingi. Sehemu ya ushindi wa msitu wako ni uchache wa maji tu. Rudia jedwali zima kwa eneo kabla hujalala leo.

Karatasi ndiyo iliyoniuma zaidi. Risasi ya barabarani haiji imeyeyuka kama sukari. Inakuja imeng'ang'ania vumbi. Ukichuja kabla ya kutia asidi, unaitupa barabara nzima kwenye pipa la taka kisha unashangaa barabara imekwenda wapi. Chini ya miti mambo ni kinyume: maji yaliyopita kwenye majani yana rangi ya chai, yamejaa viini vya kikaboni vinavyoishika risasi na kuibakiza ndani ya maji, ikapenya kichujio bila wasiwasi. Kwa hiyo hukulinganisha barabara na msitu. Umelinganisha kinachoyeyuka na kinachoyeyuka, ukaacha mzigo mwenyewe kwenye karatasi.

Dawa yake: ukitaka kuchuja, chuja, lakini karatasi nayo isagwe kwa asidi kali, ipimwe, ujumlishe. Au usichuje kabisa. Tia asidi ya nitriki safi mpaka pH, yaani kipimo cha uasidi, iwe chini ya 2, iache ikae, halafu usindike yote pamoja. Na faneli isuuzwe kwa asidi hafifu kila unapokusanya, suuzo lake liingie chupani. Vumbi la wiki tatu za jua limeganda pale kwenye ukuta wa faneli, wewe unalirudisha nyumbani na kwenda kuliosha kwa sabuni.

Kuhusu chupa tupu nitakupa kisa kimoja tu. Clair Patterson, mwanakemia wa Marekani, alikuwa anapima risasi kwenye vimondo ili apate umri wa dunia. Vipimo vilimgomea miaka kadhaa, kwa sababu risasi ilikuwa kila mahali: kwenye vyombo, kwenye vumbi la chumba, kwenye kemikali alizonunua zikiitwa safi. Ilibidi ajenge maabara safi kupindukia, na mwaka 1956 ndipo akatoa jibu lake, miaka bilioni 4.55. Kisha akageuka kuuliza risasi yote ile inatoka wapi, na akawa mwiba kwa waliokuwa wakiitia kwenye petroli. Uchafu uliomsumbua ndio uliogeuka kuwa kazi yake kubwa. Wewe huna chupa tupu, kwa hiyo hujui kama unapima mawingu au unapima chupa.

#8 Chupa_Tano
Mzee umenivua nguo lakini ahsante. Nimerudia hesabu kwa eneo. Risasi ya msitu imeshuka, sasa inakabana na ya barabara. Bado iko juu ya shamba la wazi, na umbali kati yao ni wa kutembea. Viwanda bado vinanishangaza.

#9 Upepo_Mwanana
Viwanda niachie mimi. Kituo chako kiko upande gani wa eneo hilo? Mabaharia wana maneno mazuri kwa hili: joshini ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakokwenda. Uko joshini au demani?

#10 Chupa_Tano
Nimetazama ramani. Kwa upepo wa miezi ile, joshini. Nilipachagua kwa sababu palikuwa na uzio, chupa isiibiwe.

#11 Kiti_cha_Mbele
Yaani umesimama nyuma ya mvuta sigara halafu unaandika ripoti kwamba havuti.

#12 Upepo_Mwanana
Kiti kaimaliza, mimi nitaongeza mawili.

La kwanza, dohani ndefu. Moshi ukitolewa juu sana unavuka watu wa karibu na kushuka mbali. Sudbury kule Kanada, kwenye viyeyushio vya nikeli na shaba, mwaka 1972 walisimamisha dohani ya mita 381. Hewa ya mji ilipata nafuu, lakini kilichotoka kilikwenda kutawanyika mbali zaidi. Kwa hiyo "karibu na kiwanda" haina maana moja. Kiwanda chenye paa linalovuja vumbi na lundo la malighafi lililoachwa wazi kitachafua mita mia za kwanza. Chenye dohani kitachafua kwa watu wengine.

La pili, ukubwa wa chembe. Chembe nene, za maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) kumi na kuendelea, zinaanguka haraka, karibu na zilikotoka. Vumbi la barabara, udongo wa shamba, masizi mazito ni wa kundi hilo. Chembe laini, zilizo chini ya maikromita moja, ndizo zinazotoka kwenye joto kali: metali inageuka mvuke, inapoa, inajishika kwenye vichembe vidogo. Kadimi, aseniki, seleni na sehemu kubwa ya risasi ya viyeyushio husafiri hivyo, siku kwa siku, hadi mvua izishushe. Ndiyo maana barafu ya Greenland ina risasi ya enzi za Warumi, na hakukuwa na mgodi wa Mrumi hata mmoja kule. Na ndiyo maana shamba lako lisilo na gari halitapata sifuri hata ulilinde vipi.

Makazi kupita viwanda hakunishangazi. Watu wanachoma taka uani, plastiki na nyaya zikiwemo; hapo unapata risasi, kadimi, zinki na antimoni kwenye moshi usio na dohani, unaotambaa kwenye usawa wa faneli yako. Rangi kuukuu zinabanduka ukutani. Mapaa yanaliwa na mvua.

#13 Tairi_Kipara
Nimekuwa chini ya magari miaka mingi, naona mnaisema barabara kana kwamba gari ni eksozi tu. Eksozi ilikuwa habari ya zamani. Petroli ya risasi imekwisha: Algeria ndiyo ilikuwa nchi ya mwisho kuiuza kwa magari ya kawaida, ikaacha Julai 2021. Leo gari linachafua kwa kusagika.

Breki: fundi yeyote anajua lile vumbi jeusi ndani ya rimu. Lina chuma kingi, shaba, bariamu, na antimoni, ambayo hutiwa kwenye pedi ili msuguano uwe laini na breki zisilie. Ukiona shaba na antimoni zinapanda na kushuka pamoja kwenye jedwali lako, hiyo ni breki, na zitakuwa juu zaidi kwenye taa za barabarani na miteremko kuliko kwenye barabara iliyonyooka. California walipitisha sheria mwaka 2010 kwa sababu shaba ya breki ilikuwa inaoshwa na mvua hadi majini na kudhuru viumbe: pedi zisizidi asilimia 5 ya shaba kuanzia 2021, na nusu asilimia kuanzia 2025.

Tairi: mpira haukazi bila oksidi ya zinki, ni kama asilimia moja au mbili ya uzito wa ile sehemu inayokanyaga lami. Tairi ikifika kwangu imekuwa kipara, jiulize ile zinki imeenda wapi.

Na kibadilishi cha eksozi, kile walichoweka ili hewa iwe safi, nacho kinadondosha platinamu na paladi kidogo kidogo. Wezi wanakikata chini ya gari kwa sababu hiyohiyo.

#14 Chupa_Tano
Mkuu kama petroli ya risasi imekwisha, mbona barabara bado ina risasi?

#15 Tairi_Kipara
Kwa sababu ilipotoka kwenye eksozi haikwenda mbinguni. Iko kwenye udongo wa ukingoni na kwenye nyufa za lami, kila lori likipita linaiamsha tena. London walipima risasi ya angani kwa kutazama isotopu zake, yaani aina zake zinazotofautiana uzito, wakakuta hadi asilimia 40 bado inafanana na ile ya petroli, na Uingereza iliacha kuiuza kwa jumla mwishoni mwa 1999. Udongo una kumbukumbu kuliko sisi.

#16 Mkulima_Mbishi
Haya, sasa mmerudi kwenye hoja yangu bila kujua. Kumbe ni udongo unaopeperuka! Nilisema au sikusema?

#17 Mzee_wa_Maabara
Ulisema, na leo unalipwa. Kuna njia ya kutenganisha udongo wa asili na nyongeza ya binadamu. Unachukua alumini, metali iliyojaa kwenye udongo na ambayo shughuli zetu haziongezi sana hewani. Unagawanya risasi kwa alumini kwenye sampuli yako, kisha unafanya hivyohivyo kwa udongo wa kawaida wa eneo, halafu unauliza la kwanza limelizidi la pili mara ngapi. Likiwa moja, mbili, tatu, mkulima ana haki, ni vumbi la ardhi tu. Likivuka kumi, wengi tunasema kuna mkono mwingine. Chuma, titani na manganizi ya shamba la wazi kwa kawaida yanabaki chini. Risasi, kadimi, zinki na antimoni ndizo zinazoruka juu.

Tahadhari mbili. Tumia udongo wa hapo ulipo kama unaweza, si wastani wa dunia kutoka vitabuni, maana kuna miamba yenye metali nyingi kwa asili. Na udongo wenyewe ukiwa umeshachafuliwa, kama ule wa ukingo wa barabara wa Tairi_Kipara, hesabu itakudanganya kuwa uchafu ni asili. Chimba chini kidogo, acha tabaka la juu.

#18 Mkulima_Mbishi
Nimeelewa, ingawa sijakubali yote. Mbolea je? Tunaambiwa mbolea ya fosfati ina kadimi. Si bora tuhangaike na hiyo tunayomwaga wenyewe kuliko hii ya angani?

#19 Mzee_wa_Maabara
Ni kweli, mwamba wa fosfati huja na kadimi yake, na Umoja wa Ulaya kuanzia Julai 2022 umeweka kikomo cha miligramu 60 kwa kila kilo ya P2O5, yaani fosfati kama inavyopimwa kwenye mbolea. Lakini usiidharau ya angani. Uingereza na Wales waliwahi kupiga hesabu ya kila metali inayoingia kwenye ardhi ya kilimo: samadi, tope la maji taka, mbolea, dawa, hewa. Matokeo yalichapishwa 2003. Ukichukua ardhi yote kwa jumla, hewa ndiyo iliyokuwa mlango mkubwa wa metali nyingi, kati ya asilimia 25 na 85 ya kinachoingia. Sababu yake ni rahisi: mbolea inawekwa hapa na pale, hewa inatua kila mahali kila siku bila kukuomba ruhusa. Kwenye shamba moja lililomwagiwa tope la maji taka, hesabu inageuka kabisa.

#20 Bi_Kuvumwani
Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo. Mnaongea kana kwamba miti ni miavuli tu. Chupa_Tano, mwanangu, risasi yako ya msituni iliyobaki juu baada ya hesabu ya mzee huenda si kosa hata kidogo.

Juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi ya msitu mnene kuna mita kadhaa za mraba za majani, moja juu ya jingine. Upepo unaopita shambani unateleza. Ukifika msituni unakwaruzwa, unapunguza mwendo, unajikunja kwenye matawi, na chembe zinagonga majani na kubaki. Wiki nzima majani yanakusanya vumbi, kisha mvua inakuja na kuyaosha yote kwa mara moja, na vumbi hilo linadondokea kwenye faneli yako. Kwa hiyo hewa ileile, upepo uleule, shamba na msitu vimepakana, na msitu unapokea zaidi. Ukingo wa msitu unaotazama upepo unapokea kuliko katikati yake. Msitu hauchafui, unachuja, na kinachochujwa kinaishia kwenye udongo wake.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa na maneno "matumizi ya ardhi". Wanadhani yanamaanisha nani anatoa tu. Yanamaanisha pia nani anapokea, na kwa uso wa namna gani. Lami inapokea na kuikabidhi mvua iipeleke mtaroni. Shamba linapokea, kisha jembe linachanganya. Msitu unapokea na kuweka.

Manganizi sasa. Hiyo futa kabisa kwenye orodha ya vilivyotoka hewani. Mti unainyonya ardhini kwa mizizi, unaipandisha hadi kwenye majani, na mvua inaivujisha kutoka ndani ya jani. Potasiamu ni vivyo hivyo. Ni mali ya msitu inayozunguka ndani ya nyumba yake. Ukiiandika kama uchafuzi utachekwa na kila mtu wa misitu atakayesoma.

Zebaki hujaitaja na nashukuru. Chupa ya plastiki si ya zebaki, itapotea mikononi mwako. Inataka kioo kilichosafishwa vizuri na asidi yake tangu mwanzo. Isitoshe msituni zebaki nyingi haiji na mvua. Iko hewani kama gesi, majani yanaivuta kupitia matundu yao ya kupumulia, na inafika chini majani yanapopukutika. Ukitega maji peke yake utaikosa sehemu kubwa.

#21 Chupa_Tano
Mama, nimekusoma mara tatu. Swali: chupa tano zinatosha kweli kusema neno juu ya "matumizi ya ardhi"? Maana kituo kimoja kwa kila aina...

#22 Bi_Kuvumwani
Hazitoshi, na umefanya vizuri kuliuliza mwenyewe kabla hujaulizwa. Barabara moja si barabara zote. Lakini faneli mia huna na nguvu ya kuzizungukia huna. Ndiyo maana sisi tunapenda kuvumwani, vile vimea vifupi vya kijani vinavyotambaa kwenye magome na mawe. Havina mizizi ya kweli wala nta nzito juu ya majani, hivyo maji na chakula vyao vingi vinavipata kutoka hewani, na metali zinabaki humo. Åke Rühling na Germund Tyler walianza kuvitumia hivyo Sweden mwishoni mwa miaka ya 1960, na tangu 1990 nchi nyingi za Ulaya zinavikusanya kila baada ya miaka mitano na kuchora ramani.

Kisa ninachokipenda ni cha Portland, Marekani. Desemba 2013 watafiti wa misitu walikusanya sampuli 346 za kuvumwani kutoka kwenye miti ya mji mzima. Ramani ya kadimi ilipotoka ikaonyesha madoa makali ambayo hayakufuata barabara kuu. Walipofuatilia wakakuta viwanda vidogo vya vioo vya rangi vilivyokaa katikati ya makazi. Kadimi ndiyo huwapa watengenezaji hao rangi za manjano na nyekundu. Kwenye ramani ya matumizi ya ardhi ungepaka eneo lile rangi ya "makazi" na kuendelea na safari.

Ubaya wake: kuvumwani hakikupi maikrogramu kwa mita ya mraba kwa siku. Kinakwambia wapi ni pabaya kuliko wapi. Tumia kuvumwani kutafuta mahali, kisha peleka faneli pale palipokushtua.

#23 Kiti_cha_Mbele
Mimi mwenye swali la nyumbani. Mboga za majani zinazolimwa kando ya barabara, nile nisile?

#24 Bi_Kuvumwani
Risasi haipandi vizuri kutoka kwenye mizizi, nyingi utaikuta juu ya jani kama vumbi. Osha vizuri, kwa maji zaidi ya mara moja, utaondoa sehemu kubwa. Kadimi ndiyo mjanja: inapanda kwa mizizi hadi ndani ya jani, na hiyo haioshwi. Majani mapana yenye manyoya yanashika vumbi kuliko yaliyo laini. Mimi ningelima nyuma ya ua mnene, mbali na lami, na ukingoni ningepanda kitu kisicholiwa.

#25 Mzee_wa_Maabara
Tumeisahau zinki. Chupa_Tano, ule waya wa kawaida wa kufungia, unang'aa rangi ya fedha?

#26 Chupa_Tano
Unang'aa.

Mzee.

Nimekuelewa. Acheni nikae chini.

#27 Tairi_Kipara
Haha! Mtu kaenda kutafuta zinki angani na kumbe kaibeba begani. Na nguzo bila shaka ni bomba la mabati?

#28 Chupa_Tano
Bomba la mabati. Vituo vyote vitano. Waya umezungushwa juu ya mdomo wa faneli ili upepo usiing'oe.

#29 Mzee_wa_Maabara
Waya wa aina hiyo, kama mabati, hupakwa zinki. Mvua ina uasidi kidogo kwa asili yake. Inapiga ule waya, inaondoka na zinki, inatiririka ndani. Usijilaumu sana, nimeona watu wazima wakikata kwa mkasi wao wa chuma cha pua juu ya chupa iliyo wazi kisha wakaandika makala juu ya nikeli na kromi. Fanya jaribio: maji safi, faneli safi, waya uleule, mwagia, pima. Faneli nyingine bila waya, mwagia, pima. Utakuwa umepata hiyo chupa tupu niliyokuuliza mwanzoni.

#30 Chupa_Tano
Wakuu, nimerudi baada ya mwezi. Uzi ulikuwa umezama, nimeuvuta juu.

Maji safi yaliyopita kwenye waya yalitoka na zinki nyingi kuliko sampuli yangu ya shambani. Yasiyopita kwenye waya hayakuwa na kitu cha kusema. Kwa hiyo safu nzima ya zinki ya miezi iliyopita nimeifuta, nimeandika sababu palepale bila kuficha. Nguzo sasa ni za mbao na faneli imefungwa kwa kamba ya nailoni.

Kituo cha viwanda nimekigawa viwili, joshini na demani. Karatasi za kuchujia zinasagwa. Barabara imepanda mpaka juu kabisa kwa risasi, shaba na antimoni, na karibu mzigo wote ulikuwa kwenye karatasi, kama mzee alivyosema. Msituni nimeweka faneli ya pili kwenye uwazi usio na miti, hatua chache tu kutoka ile ya kwanza. Ya chini ya miti imepokea risasi zaidi ya ya uwazini, na hii ya uwazini inafanana na ya shamba. Mama Kuvumwani, hapo nimekukumbuka.

Kimebaki kimoja. Shamba limeleta alumini na chuma kuliko hata barabara. Nimepiga ile hesabu ya uwiano, kila kitu kiko karibu na moja. Ni udongo mtupu. Ila kwa nini mwingi hivyo?

#31 Mkulima_Mbishi
Hii sasa ni fani yangu. Mwezi huo walikuwa wanalima?

#32 Chupa_Tano
Walikuwa wanalima. Nguzo iko mwisho wa tuta, pale trekta linapogeuzia.

#33 Mkulima_Mbishi
Basi ingiza ndani mita mia na uandike tarehe za kulima kwenye daftari lako. Hiyo uliyoipima si hewa ya shamba, ni mgeuko wa trekta.